Mti mwekundu wa njia ya Usagara

Jumapili jioni, Capri Point, Mwanza, Oktoba. Upepo wa mchana umekata na ziwa limetulia. Mezani kuna vitu vilivyookotwa chini ya mti mmoja kando ya barabara ya Usagara: jani moja refu, maua mawili ya rangi ya machungwa iliyokolea hadi kuwa nyekundu, na ganda kavu lililopasuka mfano wa mtumbwi. Wasafiri wa Shinyanga na Geita wanaupita mti huo kila siku, na swali wanalonitumia ni lilelile: ule mti mwekundu unaitwaje? Picha wanayoambatanisha ni ya ua peke yake, limejaza kioo chote cha simu. Ni picha ya kupendeza, ila ukitaka jina la mti, picha hiyo haikufikishi mbali.

Kuanzia mijakaranda inapochanua hadi vuli inapokolea, huku kwetu kuna miti mitatu inayowaka rangi zinazokaribiana. Upo mkrismasi, Delonix regia, uliotoka Madagaska. Upo kibobakasi, Spathodea campanulata, mti wa Afrika hii hii, ambao Waganda ng'ambo ya ziwa huuita kifabakazi. Na upo mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, wa mbugani na kando ya mashamba. Aliye dirishani mwa basi huiona yote mitatu kuwa mti mmoja. Aliyeshuka akashika jani huitenganisha kabla dereva hajapiga honi.

Shida ni kwamba wengi hawajui jani linaanzia wapi. Kile kipande kidogo cha kijani unachochuma kwa vidole viwili, kwenye miti hii, mara nyingi si jani. Ni sehemu tu ya jani. Fuata kikonyo chake kurudi nyuma, usisimame mpaka ufike kwenye kitawi cha mti wenyewe. Pale kikonyo kinaposhikana na kitawi, kwapani, tafuta jicho: kinundu kidogo kitakachochipua baadaye. Jani la kweli lina jicho kwapani. Vijani vinavyolijenga havina. Ukishaliona jicho, kila kilicho mbele yake ni jani moja, hata kama lina urefu wa mkono.

Sasa linganisha. Jani la mkrismasi limegawanyika mara mbili: uti wa kati unatoa mbavu pande zote, na kila ubavu umepangwa vijani vidogo sana, vya mamia, kama unyoya. La kibobakasi limegawanyika mara moja tu, vijani vyake ni vikubwa, vinakaa jozi kwa jozi na kimoja cha peke yake kileleni. Hili la mezani lina 13. La mwamba-ngoma lina vijani vitatu basi, kama jani la maharage, na si ajabu, maana mwamba-ngoma na maharage ni jamii moja, ya kunde. Tatizo la mwamba-ngoma ni kwamba hupenda kuchanua ukiwa mtupu, hauna jani hata moja. Hapo ligeukie gome: ni nene, laini kama kizibo, limepasuka mifereji mirefu, na mara nyingi lina miiba butu.

Baada ya umbo la jani, tazama yanavyokaa kwenye kitawi. Kwenye kibobakasi yanatazamana, mawili mawili kutoka kifundo kimoja. Kwenye mkrismasi yanapishana, moja huku, jingine juu yake kidogo upande wa pili. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalookoa mtu miezi ambayo hakuna ua. Mkrismasi na mjakaranda usio na maua vimewachanganya hata watu wanaoipanda. Yote miwili ina majani kama manyoya, yaliyogawanyika mara mbili. Ila ya mjakaranda yanatazamana, vijani vyake vimechongoka, na kile cha kileleni ni kikubwa kuliko wenzake. Ya mkrismasi yanapishana na vijani vyake ni butu. Kama bado una wasiwasi, inama. Chini ya mjakaranda utaokota ganda gumu, bapa, la mviringo, linalotosha kiganjani. Chini ya mkrismasi utaokota upanga wa mbao wa karibu nusu mita.

Nimelipasua ua moja la kibobakasi kwa wembe, kutoka mdomoni hadi kikonyoni. Kifuniko cha nje si sepali tano, yaani vijani vinavyofunika kitumba, zilizoachana. Ni ala moja ya rangi ya kahawia, yenye manyoya laini kama mahameli, iliyojikunja kama ukucha na kupasuka upande mmoja. Vitumba ambavyo havijafunguka vimejaa maji. Ndiyo maana watoto huviminya na kurushiana. Ndani ya ua, petali, zile sehemu za rangi, zimeungana kuwa kikombe chenye ncha tano mdomoni, na ukingo wake una mshono mwembamba wa njano. Stameni, vile vijiti vyenye chavua, ni nne. Sasa ua la mkrismasi: petali tano zimeachana kabisa, nne nyekundu, ya tano imesimama juu ikiwa na michirizi myeupe au ya njano, stameni ni kumi, ndefu, na sepali zake ni za kijani kwa nje lakini ukizigeuza ni nyekundu kwa ndani. Nne na kumi. Hesabu hiyo haihitaji kitabu, na jua kali haliibadilishi kama linavyobadilisha rangi kwenye picha.

Njano ina mkanganyiko wake, nao nitaugusa tu. Mjohoro, ule wa vivuli vya shule na ofisi, una maganda bapa, membamba. Senna spectabilis, anayefanana naye sana, ana maganda ya mviringo kama kalamu nene na vijani vilivyochongoka. Mti wa maua ya tarumbeta ya njano yenye mistari myekundu kooni, na maganda membamba yanayoning'inia kama kamba, ni Markhamia lutea, ambao Wajaluo huuita siala. Na ukiwa kwenye boti ukaona maua makubwa ya njano mfano wa ua la kunde juu ya kichaka chenye miiba kilichosimama ndani ya maji yenyewe, huyo ni Aeschynomene elaphroxylon. Mti wake ni mwepesi mno, ndiyo maana hufaa kwa maboya ya nyavu.

Majina ya wenyeji yaulize, tena yaandike pamoja na lugha yake, lakini usiyafanye hukumu. Mjafari ni mfano mzuri. Kwa wengine mjafari ni huu mwamba-ngoma. Kwa wengine ni Zanthoxylum chalybeum, mti wa jamii ya michungwa, nao una miiba. Dawa inayotafutwa kwa jina hilo inaweza kuletwa kutoka mti usio wenyewe, na mbegu za mwamba-ngoma, zile nyekundu zenye doa jeusi, ni sumu. Sugua jani: la Zanthoxylum hunukia ndimu, la mwamba-ngoma halinukii hivyo. "Mti wa krismasi" nao, nyumba hii ni mvinje, nyumba ya pili ni huu wa maua mekundu.

Kuhusu simu. Picha moja haitoshi, na kumi za ua lilelile ni sawa na moja. Piga mti mzima ukiwa umbali wa kuuona kuanzia chini hadi kileleni. Piga gome usawa wa kifua. Piga kitawi ambapo majani mawili au matatu yanaonekana yanavyoshikana nacho. Hii ndiyo picha inayosahaulika kuliko zote na ndiyo inayohitajika zaidi. Geuza jani upige tumbo lake. Ua lipige kwa mbele, kisha ubavuni ili kifuniko kionekane, kisha likiwa limepasuliwa. Mwisho ganda, kavu na bichi kama yapo, pembeni ukiweka sarafu au rula. Jua la saa sita huunguza wekundu mpaka ua linakuwa doa lisilo na mikunjo; lizibe kwa kivuli cha mwili wako, kisha gusa kioo pale unapotaka paonekane vizuri.

Programu kama PlantNet na iNaturalist zinasaidia, na ninazitetea. Lakini zinakisia kwa unachowapa. Ukitoa ua jekundu lenye ukungu, utapewa orodha ya miti ya dunia nzima. Taja mahali, chagua kama picha ni ya ua, jani, tunda au gome, kisha pambanisha jibu la kwanza na la pili kwa hesabu za hapo juu. Jambo jingine: picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali ilipopigwa. Itume kama dokumenti, au uandike mahali kwa mkono.

Hakikisha pia kwamba ua ni la mti huo. Bogenvilia hupanda mwembe hadi kileleni na kumfanya mgeni aape kwamba mwembe una maua ya zambarau. Kirukia huota juu ya tawi la mti mwingine na kutoa maua yake mwenyewe mekundu. Ukiona majani ya aina mbili juu ya shina moja, fuata tawi lenye ua hadi asili yake. Na kabla hujatafuta kwenye orodha ya miti ya asili, tazama kama mti umepandwa: mstari ulionyooka, umbali sawa, ukingo wa barabara. Mingi inayochanua mjini Mwanza ni migeni. Kwenye ngitili, yale malisho Wasukuma wanayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi, mambo hugeuka. Huko anza na miti ya asili.

Kama unataka kuhifadhi kitawi, kata kisichozidi urefu wa gazeti lililokunjwa, kiwe na majani, ua na jicho. Kisiwani Saanane usikate kitu, ni hifadhi ya taifa. Utomvu ukitoka mweupe kama maziwa, usijiguse macho. Utomvu wa manyara umewaumiza wengi macho. Panga kati ya magazeti, geuza jani moja tumbo juu, weka uzito. Huku ziwani hewa ina unyevu, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo, la sivyo ukungu utawahi. Ua la kibobakasi limwage maji kwanza na ulipasue, kwa sababu likibanwa zima huoza na kuwa jeusi. Rangi iandike leo, maana ikikauka haitakuwepo.

Ganda la mezani lina mbegu bado, nyembamba, kila moja katikati ya utando unaong'aa kama karatasi ya plastiki. Ukipumua karibu zinaruka, kwa hiyo zimetiwa kwenye bahasha ya kaki. Lebo yake imeandikwa hivi: Spathodea campanulata. Kibobakasi; kwa Kiganda, kifabakazi. Usagara, kando ya barabara, umepandwa, shina moja. Majani yanatazamana, vijani 13. Ua rangi ya machungwa iliyokolea, ukingo wa njano, stameni 4. Ganda limesimama juu, linapasuka sehemu mbili. Oktoba. Magazeti yabadilishwe kesho asubuhi.