Kipindi Kizima cha Kitenzi Infect

Nilipokuwa nikisoma darasa la jioni la Kiingereza pamoja na watu wazima wenzangu, mwalimu wetu aliwahi kutumia kipindi kizima kwa kitenzi kimoja tu, infect, yaani kuambukiza. Chanzo kilikuwa sentensi ya mwanafunzi aliyeandika ubaoni kwamba mgonjwa fulani "infected malaria", akifuata mazoea ya Kiswahili, ambamo mtu huambukiza ugonjwa na vilevile humwambukiza mwenzake. Mwalimu hakuifuta. Alipiga mstari chini ya malaria, akaeleza kwamba yambwa ya infect, yaani mtendwa wake, ni yule anayepatwa, nao ugonjwa hufuata ukitanguliwa na with; anayetaka ugonjwa wenyewe uwe yambwa atumie transmit au spread, yaani kueneza.

Hapo muuguzi mmoja, mama asiyependa maneno mengi, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu, sarufi nimeielewa, lakini mtendaji ni nani? Mgonjwa wa malaria hamwambukizi jirani yake kwa kumshika mkono." Mwalimu akampa chaki. Muuguzi akafuta neno la mgonjwa kwa kiganja na kuandika la mbu, huku akitueleza kwamba ni mbu jike wa jamii ya Anofelesi, na kwamba vimelea alivyofyonza huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa maoni yangu, masahihisho yake yalikuwa na uzito kuliko ya mwalimu.

Kutoka hapo tulipita haraka kwenye contagious, lenye asili ya Kilatini ya kugusa, linalohusu ugonjwa unaopita mtu kwa mtu, tofauti na infectious, linalohusu ugonjwa wowote unaoletwa na vijidudu: pepopunda huingia kwa kidonda kutoka udongoni, lakini haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu.

Ubishi mkubwa ulizuka mtu alipouliza kama aliyeambukizwa lazima awe anaumwa. Muuguzi akatusimulia habari za Mary Mallon, mpishi wa New York aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuonyesha dalili, akatengwa mwaka 1907, akaachiliwa 1910 kwa sharti la kuacha upishi, akaurudia, kisha akatengwa tena kuanzia 1915 hadi kifo chake mwaka 1938. Wengine walidai kwamba kusema "she infected them", yaani aliwaambukiza, ni kumhukumu mtu asiyekusudia. Mwalimu alijibu kwamba kitenzi hakiulizi nia, kwani hata mbu hukitumikia vizuri. Muuguzi akaongeza kwamba baada ya 1910, mama yule alikuwa ameshaambiwa.