Kusoma mchoro wa sakiti ya NES bila kupotea

Anza na umeme. NES, konsoli ya Nintendo iliyoingia Marekani mwaka 1985, inatumia adapta ya volti 9 AC (umeme unaogeuza mwelekeo), ndiyo maana mwanzoni mwa mchoro utaona dayodi nne zimepangwa kama almasi. Hiyo ni briji, inageuza AC kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Inafuata kapasita ya mikrofaradi 2200, kisha kiboksi cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805, kinachoshusha umeme hadi volti 5. Pima mguu wa tatu: ikisoma chini ya volti 4.75, usiguse chipu yoyote kwanza, tatizo liko kwenye umeme. Famicom ya Japani (1983) inakula DC na haina briji, kwa hiyo adapta ya NES itaiunguza.

Rezista ya zigizaga na ya kimstatili ni kitu kilekile. Wajapani na Wamarekani wa enzi hizo walichora zigizaga. Kapasita yenye alama ya + haigeuzwi, ukiigeuza inavimba na inaweza kupasuka. Mchoro ukiandika 0.1 tu, maana yake ni mikrofaradi 0.1, na kapasita yenyewe imeandikwa 104.

Transista ndiyo inayowaponza wengi. Ina aina mbili, NPN na PNP, na miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Mshale wa emita ukitoka nje ni NPN, ukiingia ndani ni PNP. Mwilini mwa transista za Kijapani "2S" huachwa: A937 ni 2SA937, yaani PNP, na C1815 ni 2SC1815, yaani NPN. Ukiweka 2N3904 badala ya C1815, aina ni ileile lakini miguu imepangwa tofauti. Ukiishika upande bapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto C1815 inakwenda emita, kolekta, besi. 2N3904 inakwenda emita, besi, kolekta. Mchoro hautakuambia hilo, maana alama haionyeshi mpangilio wa miguu.

Sasa kile kimstari juu ya jina, au kiduara kidogo mguuni mwa chipu. Kinasema mguu huo hufanya kazi ukiwa chini, karibu na volti 0. Kwenye CE ya RAM (mguu wa kuichagua chipu ya kumbukumbu), volti 5 maana yake chipu imelala. Kwenye RST (mguu wa kuanzisha upya), ambao ni mguu wa 3 wa prosesa 2A03, volti 5 ndiyo hali nzuri: mashine inakimbia. Ukiona hapo volti zinapanda na kushuka karibu kila sekunde, sambamba na taa nyekundu kuwaka na kuzima, usiilaumu prosesa kwanza. Chipu ya ulinzi, inayokagua kama katriji ya mchezo ni halali, haielewani na mwenzake wa kwenye katriji, na mara nyingi chanzo ni soketi ya pini 72 iliyochafuka au kulegea. Safisha hiyo kabla ya kushika solda.

Waya mbili zikikatizana, nukta ndiyo inayosema zimeungana. Kwenye nakala zilizoskaniwa nukta hufutika, au doa la wino likajifanya nukta. Zima umeme, weka mita kwenye hali ya mlio, gusa waya zote mbili: ikilia, zimeungana.