Mti wa nasaba wa mbawakawa wenye vipapasio virefu: hatua ya ramani

Mti wa nasaba wa mbawakawa hawa, uliojengwa kwa COI (jeni ya mitokondria inayotumika kutambua spishi), uko tayari. Sasa ni kutafuta kila tawi la familia ya Cerambycidae, yenye spishi zaidi ya 35,000, lilifikaje kwenye bara lake.

Usafishaji wa data ndio uliokula muda. Kila mfuatano wa COI (herufi 658) hutafsiriwa kwanza kuwa protini kwa jedwali namba 5 la kodi za jeni, la mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo. Kodoni (herufi tatu) ya kikomo, inayosimamisha utengenezaji wa protini, ikijitokeza katikati, kwa kawaida hiyo si COI halisi bali ni nakala iliyohamia kwenye kiini cha seli. Mbawakawa wa jenasi ya Monochamus wanajulikana kwa nakala hizi, na zikiachwa, spishi moja huonekana kama mbili. Baada ya hapo programu ya MAFFT hupanga mifuatano, kisha IQ-TREE hujenga mti:

iqtree2 -s coi.fasta -p kodoni.nex -m MFP+MERGE -B 1000

Nafasi tatu za kodoni zigawanywe, maana ya tatu hubadilika haraka mno. Fundo (mahali matawi yanapogawanyika) ambalo uthibitisho wake wa kitakwimu uko chini ya asilimia 95 tusilijengee hoja.

Kwenye BioGeoBEARS, programu ya kukadiria mababu waliishi wapi, tuna kanda 7 za kijiografia. Kila mchanganyiko wa kanda ukiruhusiwa, pamoja na ule mtupu, hali zinakuwa 128. Tukiweka kikomo cha kanda 3 kwa spishi zinabaki 64, na kompyuta inapumua. Mti uwe na vipimo vya muda, na kila spishi iwakilishwe na sampuli moja, kwa sababu mifuatano inayofanana huzaa matawi ya urefu sifuri na programu hugoma.

Jambo linaloharibu ramani kuliko yote ni kuandika mahali mdudu alipokamatwa badala ya kwao kwa asili. Phoracantha semipunctata ni wa Australia. Amefuata mikaratusi hadi Afrika Kusini, nchi za Mediterania na California. Anoplophora glabripennis wa China na Korea alionekana New York mwaka 1996, baada ya kusafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Buu hukaa ndani ya mti miezi mingi bila kuonekana, ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka mbao hizo zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini kwa dakika 30. Kwenye faili la kanda, Phoracantha huyu apewe 1 (yaani yupo) kwa Australia tu. Ukimpa Afrika pia, modeli itabuni uvukaji wa bahari wa kale ambao haukuwahi kutokea.

Kinachotusisimua zaidi ni jenasi ya Mallodon: M. downesi yuko Afrika, M. dasystomus Amerika. Mabara hayo yaliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita. Fundo lao likiwa changa kuliko hapo, magogo yaliyoelea baharini ni maelezo yenye nguvu kuliko kugawanyika kwa Gondwana, bara kuu la kale. COI peke yake haiwezi kuamua kwa kina hicho, hivyo tunaongeza 28S, jeni ya kiini cha seli inayobadilika polepole zaidi, kabla ya kukadiria umri.