Poti la Hayati Mujica

Viatu vya mwanangu huwa nanunua Punta Carretas, jumba la maduka hapa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ambalo uso wake wa mbele bado ni ule ule wa jela iliyokuwapo zamani. Septemba 1971 wafungwa zaidi ya 100 walitoroka humo kwa kupitia handaki walilolichimba hadi nyumba ya jirani. Mmoja wao alikuwa José Mujica, mpiganaji wa Tupamaro, kundi la waasi wa mrengo wa kushoto, aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa risasi sita na polisi akapona.

Nikipiga simu Tanga, ndugu zangu wanamjua kama rais maskini kuliko wote duniani. Wanaijua Volkswagen yake ya mwaka 1987, mbwa wake wa miguu mitatu, na mshahara ambao takriban asilimia 90 aliutoa kusaidia watu. Yote ni kweli, ingawa jina hilo mwenyewe hakulipenda, na alizoea kujibu kwamba maskini ni yule anayehitaji vingi. Kwangu mimi sifa hizo zimekifunika kifungo chake.

Alipokamatwa tena mwaka 1972, wanajeshi walimshikilia hadi Machi 1985. Yeye na wenzake 8 walifanywa mateka wa serikali, wakihamishwa kambi hadi kambi, kila mmoja peke yake, huku wakitishiwa kuuawa iwapo Tupamaro wangeinuka tena. Miaka mingi hakuwa na kitabu wala mtu wa kuzungumza naye, hata akasimulia baadaye kwamba sisimizi hupiga kelele, ukiwasogeza sikioni. Alipoachiwa alitoka na poti la rangi ya waridi aliloletewa na mama yake, akiwa ameotesha maua ndani yake.

Ubunge, useneta na uwaziri wa kilimo vilifuata, kisha urais kuanzia 2010 hadi 2015. Aliyemwapisha ni mkewe, Lucía Topolansky, naye mfungwa wa zamani, kwa kuwa ndiye seneta aliyepata kura nyingi zaidi. Bangi ilihalalishwa, mageuzi ya elimu aliyoyaahidi hayakufika mbali, na jirani yangu hajamsamehe kwa hilo.

Hata hivyo, Mei 2025, jeneza la Mujica lilipopita likikokotwa na farasi, jirani huyo alisimama nami barabarani, chupa ya chai kwapani na mkononi kibuyu cha kile kinywaji cha majani cha huku kiitwacho mate, akasahau kuninywesha. Marehemu alikuwa ameomba alazwe shambani kwake, pale alipomzika mbwa wake Manuela.