Alhamisi ya bata mzinga

Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni Shela, kisiwani Lamu, mwaka wa kumi na moja huu. Watu wakisikia "mpishi wa wazungu" hudhani kazi ni kukaanga mayai na kungoja bakshishi. Basi niwapitishe siku yangu moja, Alhamisi ya nne ya Novemba, siku Wamarekani wanapofanya sherehe yao ya shukrani za mavuno.

Saa kumi na moja alfajiri nimeshasali, natoka nyumbani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Maji yamekupwa, nikapita ufuoni kwa miguu. Saa moja chai, mahamri, mbaazi za nazi. Saa tatu vyombo vimeoshwa.

Saa nne ndipo siku ilipoanza. Mgeni wetu, mama Mmarekani anayefundisha Nairobi, alitaka bata mzinga kwa ajili ya mumewe na wanawe. Sokoni Lamu humpati. Nilikuwa nimeagiza mmoja kwa mfugaji wa Malindi, aje na basi hadi Mokowe, gati ya bara, kisha avushwe kwa boti. Niliagiza aje hai, maana nyama isiyochinjwa kwa bismillahi haiingii sufuriani mwangu. Saa nne basi halikufika. Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Kila baada ya dakika chache Mama anateremka jikoni: "Mpishi, bado?" Mara usitie bizari. Mara usitie pilipili. Mara, mchuzi mwekundu wa kranberi uko wapi? Nikamwambia, "Mama, tunda hilo huku halipo." Akasema, "Basi hakuna sherehe," akapanda ngazi kwa kishindo.

Kijana anayenisaidia akaniuliza, "Ami, huyu ana nini leo?" Nikamwambia akune nazi.

Nilijua ana nini. Nilifanya kazi Doha miaka minne. Idi ya kwanza kule nilijipikia tambi za sukari, na jinsi zilivyokataa kuwa za mama yangu nikamgombeza mwenzangu wa chumba kwa sababu ya iliki. Na iliki ilikuwepo, tena ya kutosha.

Saa saba na nusu boti ikafunga gatini. Bata yumo ndani ya tenga, miguu imefungwa kamba, shingo nyekundu imechomoza nje. Nikachinja, tukamnyonyoa kwa maji ya moto, nikampaka papai bichi na ndimu nyama ilainike. Kumtia ovenini, mlango haufungi. Nikaitisha sufuria ya arusi kwa jirani, seredani chini, makaa juu ya kifuniko.

Tangu hapo sikuangalia saa tena. Kupalia makaa hakuna kipimo cha kuandikwa. Unaleta kiganja juu ya makaa na kuhesabu. Ukifika tano bila kukiondoa, moto umelala, ongeza. Moshi machoni, mgongo unawaka, jasho linaingia hadi mdomoni. Huku bata akiiva nikachemsha ukwaju na sukari guru na mdalasini mpaka ukawa mzito na mwekundu wa kahawia. Boga nikalipika kwa tui na iliki. Mume wa Mama akashuka kuangalia makaa, akanieleza kwamba Rais Lincoln aliitangaza siku hiyo mwaka 1863, na mwaka 1941 sheria ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne. Kwao wamekwisha kuvuna, nikamwambia. Kwetu bado tunaomba vuli inyeshe vizuri.

Nilipopeleka mezani ilikuwa usiku. Mama akachovya ncha ya kijiko katika ukwaju, akaonja, akanyamaza. Akaonja tena. "Bibi yangu angeupenda huu," akasema, na macho yakamjaa. Akaniomba radhi mbele ya wanawe, kisha akaniomba niketi. Kila mmoja alikuwa akitaja anachokishukuru. Mtoto mdogo akamtaja nyanya yake aliyeko Ohio. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Namshukuru Mungu kuwa mama yangu yu hai, na nikitoka hapa nitamkuta."

Saa nne na nusu usiku nikateremka kwenye boti na kipande cha paja kimefungwa kwenye karatasi. Mama yangu alikuwa hajalala. Akatafuna polepole, akauliza ni kuku gani huyu mkubwa hivi, na kwa nini sikutia bizari. Nikamketia karibu, nikamsimulia tangu basi la Mokowe, mpaka akamaliza.