Alhamisi ya Bugolora

Mwaka 2011 nilipangiwa kufundisha Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria. Nikaondoka Mwanza na godoro la futi tatu na nusu, sanduku la bati na kiburi cha ajira mpya. Meli ilinishusha Nansio, nikapanda gari hadi Bugolora, kaskazini mwa Ukerewe. Ukara unauona kwa macho kutoka pale, mawe yake yamekaa kama yamepangwa, lakini barabara imekwisha. Barabara iliyobaki ni kivuko cha serikali, na wakati huo kilikuwa MV Nyerere, kinachokwenda gati ya Bwisya.

Sikujua kwamba Alhamisi ni siku ya gulio. Gati ilijaa Wakara wanaorudi kwao na mabati, magunia ya mahindi, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu. Nikapanga foleni, godoro kichwani. Zamu yangu ilipofika, binti wa tiketi akafunga kitabu.

"Mwalimu, samahani. Hesabu imefika."

Alijuaje kazi yangu? Godoro jipya, sanduku, viatu vyeusi. Visiwani mgeni wa namna hiyo kama si mwalimu basi ni mganga wa zahanati.

Nikamwambia mtu mmoja na godoro hawazamishi chombo. Hakujibu. Nikaongeza, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: "Hiki ni kivuko cha serikali, na mimi ni mtumishi wa serikali. Unaniachaje?"

"Hata mimi ni mtumishi wa serikali. Ndiyo maana nakuacha."

Watu wakacheka. Akanifunulia vishina vya tiketi, akapitisha kidole juu yake: abiria 101, basi. Mlango ukapandishwa, kivuko kikaondoka.

Mwenye mtumbwi alikuwa akisubiri hapo hapo watu wa aina yangu. "Njoo Mwalimu, nafasi ipo." Kwenye mtumbwi wa mtu nafasi ipo siku zote. Tulikaa goti kwa goti. Mama mmoja aliweka ndoo yake juu ya miguu yangu bila kuniomba, nami nikapewa galoni lililokatwa. "Kumba maji, mwanangu, usitazame ziwa." Nilikumba mpaka mabega yakafa ganzi. Godoro nalo lilikuwa linakunywa, na tulipofika Bwisya lilihitaji watu wawili kulibeba. Abiria wa kivuko walikuwa wameshaingia makwao, nguo zao kavu.

Usiku nililala kwenye mkeka wa kuazima. Ng'ombe wa mwenye nyumba alikuwa upande wa pili wa ukuta. Wakara hawawaachi ng'ombe wao wazurure, wanawakatia majani na kuwalisha nyumbani, samadi inakwenda shambani. Nilimsikia akicheua hadi alfajiri, na kila alipocheua nilimlaani binti wa tiketi.

Tulizoeana baadaye. Kila nilipovuka kufuata mshahara alinitania: "Leo wewe ni wa arobaini na mbili, Mwalimu, panda bila wasiwasi."

Nilihamia Magu mwaka 2015. Septemba 20, 2018, Alhamisi, nilikuwa naandika andalio la somo simu ilipoita. MV Nyerere kimepinduka, kimebakiza mita chache tu kufika gati ya Bwisya, kimejaa watu wa gulio. Uwezo wake ulikuwa ule ule, abiria 101. Waliokufa walizidi 200.

Siku tatu baadaye mwenye nyumba wangu wa zamani alinisomea majina kwenye simu, ya wale aliojua nawafahamu. Niliyaandika nyuma ya andalio la somo. Mengi nilikuwa nimeshayaandika zamani, kwenye daftari la mahudhurio. Kwenye jina la kumi na nne kalamu ikasimama. Nikamkatiza, nikauliza habari za yule binti wa tiketi.

"Huyo alihamishwa zamani," akasema, kisha akaendelea kusoma.