Siku Nilipouvua Mkongojo Wangu

Yule kijana wa mlangoni aliponiambia niiache fimbo ukutani niingie ukumbini bila hiyo, nilidhani hajanisikia. Nikarudia taratibu: "Kaka, hii naitembelea. Goti langu bovu." Akatikisa kichwa. "Imezidi mita moja, dada. Chochote kilichozidi mita hakiingii humu."

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, mwaka 2018, siku ya kwanza ya tamasha la siku tatu la mashabiki wa vibonzo na hadithi za kubuni. Nyuma yangu foleni ilikuwa imekata kona mbili. Mbele yangu, ng'ambo ya milango miwili ya mbao, alikuwa ameketi mchoraji ambaye kazi zake nimezisoma tangu nina miaka kumi na mmoja. Mwenyewe nilikuwa nimevaa joho la mmoja wa wahusika wake, bibi mponyaji anayezunguka nchi kwa miguu akishika fimbo yenye kichwa cha korongo.

Lazima niieleze fimbo hiyo. Miezi mitatu kabla ya tamasha nilikuwa nimechana kano ya goti la kulia. Nilipewa mkongojo wa alumini, ule wenye vitundu vya kurefusha na kufupisha na kiatu cha mpira chini. Tiketi nilishakata, joho lilishafika nusu, na nikawa nimekata tamaa kabisa ya kwenda. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, "Dada, si huyo bibi ana fimbo? Basi uvalishe mkongojo."

Tukauvalisha. Tulikata vipande vya sponji ngumu, ile inayotumika kwenye mikeka ya mazoezi, tukavizungushia ile alumini na kuvibana kwa gundi ya viatu. Kisha nikachora mistari ya mbao kwa ncha ya kisu, mmoja mmoja, jioni baada ya jioni. Waliowahi kufanya kazi hii wanaujua utamu wake: ukiupitishia hewa ya moto, mkato mwembamba usioonekana unafunguka wenyewe, na sponji inageuka gome la mti mbele ya macho yako. Sponji hunywa rangi kama ardhi kavu inywavyo maji, kwa hiyo kwanza nilipaka matabaka matano ya gundi nyeupe nikingoja kila moja likauke. Rangi ikaja mwisho. Kichwa cha korongo peke yake kilinichukua wiki mbili, na ndicho kilichoifikisha fimbo sentimita mia na ishirini. Mkongojo wenyewe, uchi, ulikuwa na tisini.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwa hesabu. Nalikubali hilo tangu mwanzo.

Lakini fimbo ile ilikuwa imeshakaguliwa. Asubuhi, kabla hujaingia eneo la tamasha, ulipitia dawati la silaha za maigizo: panga, pinde, bunduki za plastiki, fimbo, kila kitu. Aliyenihudumia alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi, amevaa fulana ya kijani ya watu wa kujitolea kama wenzake wote. Aliipima kwa futi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akakuta ugumu wa alumini chini ya sponji. "Hii unaitembelea kweli?" akauliza. Nikapandisha joho kidogo nikamwonyesha goti lililofungwa bandeji. Akaifunga lebo ya rangi ya chungwa chini kidogo ya shingo ya korongo, akakaza utepe wa plastiki hadi ukalia, akasema, "Nenda, mwanangu. Umeitengeneza vizuri."

Ukaguzi ule sikuuchukia hata kidogo, na mpaka leo siuchukii. Mwezi Mei 2017, kwenye tamasha kubwa la Phoenix, Marekani, mtu mmoja alikamatwa ndani ya jengo akiwa amevaa kama mhusika wa vibonzo, na bunduki alizobeba zilikuwa za kweli, zenye risasi. Waandaaji wakapiga marufuku silaha za maigizo papo hapo, tamasha likiwa linaendelea, na watu wakapanga foleni ndefu juani wakipekuliwa. Mtu aliyeisoma habari ile hawezi kumlaumu mkaguzi kwa kukagua. Nilipolazimika kusimama asubuhi ile nusu saa nzima kungoja zamu yangu, nilisimama kwa moyo mweupe.

Foleni ya ukumbi mdogo ndiyo iliyoanza kuniumiza. Tulipanga tangu saa sita. Kukaa chini hakukuruhusiwa, kwa sababu ushoroba ule ulikuwa njia ya dharura, na moto ukitokea watu waliokaa ndio wanaokanyagwa. Sababu hiyo ninayo sasa. Siku ile hakuna aliyeitaja. Kijana yule, aliyekuwa akizunguka na redio ya mkononi, alikuwa anapita na neno moja tu: "Simama. Simama. Simama." Mtoto wa miaka kama sita alichuchumaa kufunga kamba ya kiatu, akaambiwa asimame. Niliuliza kama naweza kuegemea ukuta wa upande wa pili, ambako hapakuwa na mlango wala mtu. "Baki kwenye mstari, dada." Niliuliza kama kuna kiti kwa wenye matatizo ya miguu. Akasema hilo si la kwake, niulize dawati la taarifa, ila nikitoka kwenye mstari nafasi yangu imekwenda. Mdogo wangu akajitolea kunishikia nafasi. Hilo nalo likakataliwa, eti nafasi haishikwi.

Mbele yetu alisimama mama mmoja wa makamo, shabiki wa siku nyingi, na ndiye aliyetupitishia muda. Alitusimulia juu ya kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi, New York, Julai 1939, ambalo lilikuwa na watu wapatao mia mbili tu. Myrtle Douglas, ambaye wenzake walimwita Morojo, alishona mavazi ya watu wa wakati ujao, lake na la shabiki mwenzake Forrest Ackerman, wakaingia nayo. Watu wengi huanzia hapo wanapoeleza historia ya mashabiki kuvaa kama wahusika. Na mlango wa kongamano hilohilo, akasema yule mama, ulifungiwa vijana sita, akiwemo Frederik Pohl, kwa sababu waandaaji waliogopa wangeleta vurugu na vijikaratasi vyao. Pohl alikuja kuwa mmoja wa wahariri na waandishi wakubwa wa fani hiyo. "Unaona?" akaniambia. "Vazi la kwanza na mtu wa kwanza kuzuiwa mlangoni, mkutano mmoja." Nilicheka naye. Goti lilikuwa limeanza kuvimba ndani ya bandeji, naweza kulihisi likipiga kama moyo.

Ndipo tukafika mlangoni.

Nilimwonyesha lebo. Akasema lebo hiyo ni ya eneo kubwa. Kumbi ndogo zina kanuni yake, mita moja. Nikamwambia kanuni hiyo haikubandikwa popote kwenye foleni tuliyosimama kwa saa mbili nzima. Akasema yeye hakubandika kanuni, yeye anasimamia mlango. Nikamwomba amwite mkubwa wake. Akabonyeza redio, akasema namba fulani, redio ikakoroma, hakuna aliyejibu. Akabonyeza tena. Watu nyuma wakaanza kuguna, na sauti moja ikasema kwa nguvu, "Aache hiyo fimbo tuingie!" Kijana akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona jasho juu ya mdomo wake. Hakuwa na zaidi ya miaka kumi na tisa. "Dada, iache hapo, ushike ukuta mpaka kwenye kiti," akasema. "Siwezi kukupitisha."

Mdogo wangu alifura. Nilimshika mkono. Nilijua akisema neno moja tutatolewa wote wawili, na nilikuwa nimeingoja siku hii tangu utotoni.

"Na mkongojo wenyewe unaruhusiwa?" nikauliza.

"Kama ni mkongojo kweli, chini ya mita, unaruhusiwa."

Basi nikageuka nikauliza kama kuna mwenye mkasi. Binti mmoja aliyevaa mabawa ya karatasi akafungua kimfuko chake cha dharura, wengi wetu huja nacho, kina uzi, pini, gundi na kimkasi cha kukatia nyuzi. Akanikabidhi bila kusema kitu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kimkasi kile kilikuwa na urefu wa kidole. Sponji yenye matabaka matano ya gundi haikatiki kwa mkasi kama huo, inang'atwa. Nilianzia shingoni kwa korongo, chini ya macho ambayo nilikuwa nimeyachonga upya mara tatu. Gundi ya viatu ikashikilia. Ilinibidi nivute kwa mikono, na ikatoka na mlio wa kitambaa kinachopasuka. Vipande vya gome vikaangukia viatu vyangu. Rangi iliyokauka ikaniingia chini ya kucha. Kichwa kilipokatika, mdogo wangu akakidaka kabla hakijafika chini, akakikumbatia kifuani kama kifaranga. Ushoroba mzima ulikuwa kimya, hata yule aliyekuwa akipiga kelele.

Chini ya sponji ikatokea alumini, na vile vitundu vyake, na mabaka ya gundi ya manjano. Kijana aliiangalia. Hakuipima. Akafungua mlango.

Mazungumzo yale ya mchoraji sina la kuyasimulia. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, na nakumbuka tu kwamba aliongea kwa sauti ya chini na watu walimpigia makofi. Saa nzima nilikuwa nazungushazungusha kiganja kwenye mpini unaonata gundi.

Baada ya hapo tulienda dawati la taarifa, tukapewa fomu ya malalamiko, nikaijaza kurasa mbili. Aliyeipokea alinishukuru akaiweka juu ya rundo. Sijawahi kupata jibu lake. Wakati wa kutoka ndipo tulipopita tena mbele ya dawati la silaha, na yule mzee akanitambua, nadhani kwa joho. Macho yake yakaenda kwenye mkongojo, yakarudi usoni kwangu, kisha yakamkuta mdogo wangu na kile kichwa cha ndege mikononi.

"Nani amekufanyia hivi?"

Nilipomaliza kumweleza alikaa kimya kidogo. Nilitegemea amtukane yule kijana, na kusema kweli nilitaka amtukane. Akaniomba kipande chenye lebo. Akaigeuzageuza ile lebo ya chungwa, ilikuwa na tarehe na sahihi yake tu, akasema, "Kosa hili ni langu. Nilijua ni mkongojo, nikakuruhusu, lakini sikuandika. Yule mtoto wa mlangoni angejuaje? Ameambiwa mita, akashika mita."

Nilimjibu kwamba angejua kwa kunisikiliza, maana nilimwambia mara tatu. Mzee akaitikia, "Kweli. Hilo ni lake." Nashukuru hakujaribu kunipunguzia. Maana nimesimama kwenye foleni nyingi tangu siku ile, na nimewaona hawa vijana wa kujitolea: wanapewa fulana, redio na sentensi moja ya kanuni, mara nyingi alfajiri ya siku ileile, hawapewi sababu wala ruhusa ya kuamua. Mtu aliyepewa sentensi moja ataing'ang'ania kama boya. Nalielewa hilo. Lakini mbele yake palikuwa na mtu anayesema naumwa mguu, na masikio hayahitaji ruhusa ya mkubwa.

Mzee alitoa lebo mpya, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwa herufi kubwa: MKONGOJO. UINGIE KILA UKUMBI. Chini yake akaandika jina lake na namba yake ya redio. Akaifunga kwenye alumini tupu, akakaza utepe hadi ukalia.

Siku ya pili nilirudi. Mdogo wangu hakutaka, alisema tumekwisha dhalilishwa inatosha, ila nilikuwa na tiketi ya siku tatu na joho langu lilikuwa zima. Mchana nilipanga kwenye foleni ya ukumbi uleule, safari hii kwa mazungumzo ya washona mavazi. Mlangoni alikuwa kijana yuleyule. Kando ya ukuta, upande ule nilioomba kuegemea jana yake, palikuwa na viti viwili vya plastiki, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono: kwa wasioweza kusimama. Juu ya mlango ilibandikwa karatasi nyingine yenye kanuni ya mita moja. Sijui kama ilikuwa fomu yangu au redio ya yule mzee.

Nilikaa kwenye kimoja cha viti hivyo hadi foleni ikaanza kusogea. Nilipofika mlangoni, kijana aliinama akaishika lebo kwa vidole viwili, akaisoma yote, mpaka jina na namba ya chini. Nilingoja. Nilikuwa nimeandaa usiku kucha jinsi ya kulipokea neno lake, kama angelitoa. Akanyoosha mgongo bila kunitazama usoni, akaufungua mlango hadi mwisho, ule wa pili pia, akaushikilia kwa mguu wake mpaka nilipopita.